Vyura, homoni na chumvi yenu

Ni kweli chura akilia anaita mvua? (Mbagala)

Hapana. Kila masika mnaniuliza hili. Anayelia ni dume, na anamwita jike.

Kwa nini usiku mmoja dimbwi linapiga kelele hadi alfajiri, unaofuata kimya? (Kigogo)

Hili ndilo swali nililokuwa nalingoja. Wengi mnaamini testosteroni, homoni ya kiume, ikipanda tu, dume anaita. Kweli, dume aliyehasiwa huacha kuita. Ila mara nyingi kumrudishia homoni peke yake hakumrudishii sauti. Ubongoni kuna homoni nyingine, vasotosini, na madume wa aina kadhaa wakidungwa hiyo huzidi kuita. Majirani nao wana mchango: kwa chura mmoja wa mitini wa Marekani, kusikia wenzake kulitosha kupandisha androjeni zake, yaani homoni za kiume kama testosteroni.

Halafu kuna gharama. Kuita ni kazi nzito kuliko karibu zote alizonazo chura, na usiku wa kuita hali kitu. Akiba inavyokwisha, kotikosteroni, homoni inayopanda mwili unapotaabika, huongezeka. Ikizidi, androjeni hushuka na dume hunyamaza, akatafute chakula kwanza. Kimya chako hicho huenda ni cha madume waliochoka.

Eti zamani walipima mimba kwa chura? (Temeke)

Ndiyo. Mkojo wa mjamzito ulidungwa kwa jike wa Xenopus, chura wa majini wa Afrika Kusini, akataga ndani ya saa chache. Dume wake akidungwa homoni hiyohiyo ya mimba, huanza kuita.

Nimwage chumvi au mafuta ya taa wanyamaze? (Tegeta)

Usimwage chochote! Chura hunywa kwa ngozi. Chumvi inamkausha akiwa hai, na mafuta ya taa yanamaliza viluwiluwi pia. Kama kelele inakukera, fukia dimbwi kabla ya masika, mbu nao wakose pa kuzalia.

Na wewe unayelima mahindi bondeni, chunga dawa ya magugu. Mwaka 2002 mwanabiolojia Tyrone Hayes wa Marekani alionyesha kwamba madume wa Xenopus waliokulia kwenye maji yenye atrazini, dawa mojawapo ya magugu, walikuwa na zoloto (kiungo cha sauti kooni) dogo. Wapo wanasayansi waliompinga vikali, lakini Umoja wa Ulaya umeikataa dawa hiyo, nami singeiosha karibu na mto.

Na vyura huweza kupotea kweli: wale wa Kihansi, korongo lililoko hapa Tanzania, walitangazwa mwaka 2009 kuwa wametoweka porini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimewalea kwenye vizimba vya kioo ili warudishwe kwenye korongo lao. Wa Tegeta bado wapo dimbwini.