Tor imepokea amri, mbona IP ni ileile?

Kaka, unasema skripti yako ya Python inaiamuru Tor (programu inayoficha ulikotoka kwa kupitisha trafiki yako kwenye kompyuta kadhaa) ibadilishe njia, kosa halitokei, lakini kila ukiangalia, IP (anwani yako ya mtandaoni) ni ileile. Hilo lilinikesha usiku mzima hapa Kansanga, Kampala. Yaka (umeme wa kulipia kabla) imeisha, laptopu iko asilimia 19, na skrini inanirudishia IP moja ya Ujerumani mara kumi na mbili mfululizo.

Poti nadhani umeshaziweka sawa: 9050 hupitisha trafiki, 9051 hupokea amri. Kwa Tor Browser ni 9150 na 9151. Kama faili la kuki (ufunguo wa kuingilia poti ya amri) linakataa kusomeka kwenye Ubuntu, usikimbilie sudo. Jiongeze kwenye kundi la debian-tor, toka, ingia tena.

Sasa ugonjwa wenyewe. Mstari huu wa Stem (maktaba ya Python ya kuiendesha Tor):

controller.signal(Signal.NEWNYM)

hauvunji muunganisho ulio wazi. Unaiambia Tor kwamba miunganisho itakayofunguliwa kuanzia hapo ipite saketi mpya (njia mpya kupitia kompyuta hizo), basi. Mimi nilikuwa nimefungua requests.Session moja (sesheni inayoacha muunganisho wazi ili utumike tena) juu kabisa ya skripti, nje ya kitanzi, nayo ikang'ang'ania muunganisho wake wa kwanza. Tor imetii, mimi bado napita njia ya zamani! Nikaihamishia sesheni ndani ya kitanzi, nikawa naifunga kabla ya kila amri. IP ikageuka papo hapo.

Usiipige amri mfululizo pia. Tor huikubali mara moja kila sekunde 10 hivi. controller.get_newnym_wait() itakuambia usubiri kiasi gani. Na saketi mpya inaweza kutokea mlango uleule wa mwisho, kwa hiyo IP ikijirudia siku moja usianze kubomoa msimbo.

Kitu kingine nimekiona kwako: umeandika socks5:// kwenye anwani ya proksi. Weka socks5h://. Bila hiyo h, jina la tovuti linatafutwa na mashine yako yenyewe, na kampuni inayokuuzia bando inaona unakokwenda. Kwangu hili ni baya kuliko IP isiyobadilika.

Aliyeuliza kama hii ingesaidia hapa Uganda Januari 2021: hapana. Kwa Facebook iliyofungwa, sawa, unapita. Lakini intaneti nzima ilipozimwa wakati wa uchaguzi, Tor haikuwa na pa kupitia.

Anza na hiyo sesheni. Ikigoma, bandika torrc yako (faili la mipangilio ya Tor) hapa, ila futa kwanza mstari wa HashedControlPassword, wenye alama ya nywila yako.