Huyo ni vunjajungu, kaka, msimpulizie dawa

Kaka wa Sakina, nimesoma swali lako mara mbili. Umesema mdudu wa kijani mwenye shingo ndefu ameingia sebuleni, leo siku ya pili yuko kwenye pazia. Mchana macho yake yalikuwa ya kijani, usiku yakawa meusi tii, na jirani amewaambia ni mdudu wa kutumwa na ana sumu. Shemeji kashika chupa ya dawa ya mbu, mtoto analia asiuawe. Unauliza nani yuko sahihi.

Mtoto yuko sahihi. Mwambieni shemeji airudishe chupa kabatini, nitaeleza kwa nini.

Mimi naishi Rau, hapa Moshi. Nyuma ya nyumba nina bustani ya kula wenyewe: sukuma wiki, mnafu, mistari minne ya nyanya, maboga yanayotambaa hadi kwenye uzio wa michongoma. Wadudu hawa nimeishi nao miaka tisa. Wengi huku huwaita panzi tu, ila jina lao ni vunjajungu. Nimelijua kwa mama yangu, mtu wa Pangani. Tukiwa wadogo alikuwa akituonya: ukimgusa huyo, utavunja chungu. Na hakuwa anatania. Mtoto aliyemshika vunjajungu asubuhi hakupewa sahani kubeba siku hiyo nzima. Ninyi mnaojua kuvunja jungu ni karamu ya kuukaribisha mwezi wa Ramadhani, neno ndilo hilohilo, lakini mdudu ni huyu. Mimi nimeshawagusa wengi na vyungu vya mama bado viko jikoni.

Sasa macho, maana naona ndiyo yaliyowatisha. Yale makubwa mawili yameundwa na vijicho vidogo vingi sana vilivyopangana. Giza likiingia, rangi nyeusi iliyo ndani ya jicho husogea ili mwanga kidogo uliopo unaswe, basi jicho zima linageuka jeusi. Asubuhi linarudi kijani. Hata mchana mtaona kidoa cheusi kinachowafuata kila mnakosimama, kama mboni ya mtu. Si mboni. Ni vile vijicho vinavyoelekea upande wenu moja kwa moja: vinameza mwanga badala ya kuurudisha, kwa hiyo sehemu hiyo huonekana nyeusi. Mwambie mtoto azunguke pazia polepole atazame kile kidoa, atasahau kulia. Na katikati ya paji kuna macho mengine matatu madogo, jumla macho matano. Kichwa anakigeuza hadi kutazama nyuma ya bega, jambo ambalo wadudu wengi hawawezi, na nadhani ndilo linalofanya watu waone kama anawaza jambo.

Sumu hana. Mwiba wa kudunga kama wa nyuki hana pia. Alicho nacho ni ile miguu ya mbele aliyoikunja kama anayeswali, ina miiba kama meno ya msumeno. Ukimbana kwa vidole atajitetea. Mwaka juzi nilimshika jike mkubwa tumboni, kwa pupa, akanibana kidole hadi nikatokwa na tone la damu. Nikanawa kwa sabuni, ikaishia hapo. Mdudu wa kumwogopa msimu huu wa mvua ni mwingine kabisa: kile kidudu chembamba chenye rangi nyekundu na nyeusi kinachokuja kwenye taa. Hicho ukikiponda juu ya ngozi utaamka na malengelenge. Kipeperushe tu, usikiponde. Naona watu wanamkimbia vunjajungu na huyo wanamsaga shingoni kwa kiganja.

Kuhusu kutumwa: ametumwa na taa yenu ya barazani, kaka. Wanaoruka usiku kufuata mwanga mara nyingi ni madume. Jike aliyekomaa tumbo ni zito, kuruka kwake ni shida. Dume anatembea usiku kumtafuta jike, na njiani kuna popo. Kinga yake ni sikio, tena moja tu, lililo chini ya kifua katikati ya miguu, la kusikia ile milio myembamba ya popo ambayo sisi hatuisikii. Akiisikia anajitupa chini ghafla. Wako pengine aliingia dirishani hivyohivyo. Zimeni taa ya nje mnapolala, au wekeni wavu dirishani, hamtawaona mara kwa mara.

Kumtoa ni rahisi. Chukua kijiti au mwiko wa mbao, uweke mbele ya kifua chake, kisha umguse nyuma polepole kwa unyoya au kipande cha karatasi. Atapanda mwenyewe. Akiinua mikono na kufungua mabawa anajaribu kuwatisha, subirini atulie. Mpelekeni kwenye kichaka, asubuhi au jioni, si juani. Dawa ya mbu mkimpulizia atakufa kwa kutetemeka taratibu mbele ya mtoto, na dawa yenyewe itabaki kwenye pazia ambalo mtoto anajifutia mikono.

Sasa niseme jambo ambalo hukuliuliza, maana naona lina uzito kuliko yote. Mwaka ule wa kwanza hapa Rau nilimwita kijana apunguze michongoma. Kwenye vijiti kulikuwa na vitu kama povu lililokauka, rangi ya kahawia iliyopauka, ukubwa wa tunda la mbilimbi fupi. Nilidhani ni uchafu wa ndege au ugonjwa wa mti. Tulikata, tukarundika, tukachoma. Vilikuwa sita au saba. Miezi mingi baadaye nilimwona jike kwenye mpera, kichwa chini, akitoa povu jeupe nyuma ya tumbo na kulizungusha taratibu kama mtu anayepamba keki. Alichukua masaa. Povu likakauka, likawa kitu kilekile nilichochoma. Nilikaa kwenye ndoo pale chini ya mpera na moyo wangu ulikuwa mzito sana. Kila kifuko kile kina mayai kwa makumi, wakati mwingine mia na zaidi.

Kile cha kwenye mpera nilikilinda. Alitaga wiki moja kabla ya Krismasi, na mwishoni mwa Januari, siku ya joto, saa mbili asubuhi, binti yangu aliniita kwa kelele. Walikuwa wanatoka wote kwa pamoja, wananing'inia kwa nyuzi nyembamba kama utungo wa shanga, wanavua ngozi ya kwanza hapohapo hewani, kisha wanapanda juu ya wenzao. Wadogo kama mbu, hawana mabawa, lakini sura kamili ya mama yao, mikono imekunjwa, mikia imepinda juu. Tuliacha chai ikapoa. Halafu wakaja sisimizi. Waliwabeba wengi kabla sijafikiria kupaka mafuta ya kupikia shinani mwa mpera. Waliobaki nao walianza kulana ndani ya siku mbili. Kwa hiyo msiogope kwamba nyumba itajaa vunjajungu. Katika mayai yote hayo, wanaofika ukubwa ni wachache mno.

Bustanini wanasaidia? Wapo wanaosema ukiwa na vunjajungu huhitaji dawa. Sikubaliani nao. Vunjajungu anakamata chochote kinachopita mbele yake: panzi, nzi, nondo, kiwavi, mende, na mende ni ndugu yake wa karibu, kama mchwa. Lakini kwenye nyanya, kiwavi wa kantangaze anaishi ndani ya jani, vunjajungu hamfikii. Vidukari kwenye sukuma ni wadogo mno kwa mkubwa kama wako, hao wanaliwa na vile vidudu vyekundu vyenye madoa meusi. Na hachagui rafiki. Nilikuwa na jike mmoja aliyekalia ua la boga na kula nyuki mmoja baada ya mwingine, wakati boga bila nyuki halishiki. Nilimhamisha kwenye mnafu uliokuwa na panzi. Hiyo ndiyo kazi ya mwenye bustani, kuwapangia mahali. Ninachoshukuru kwao ni kwamba wakiwepo, najua sijaua kila kitu kwa dawa. Mwaka nilioshawishika kupuliza nyanya kila wiki, sikuona vunjajungu hata mmoja, na kantangaze walikuwepo.

Mtoto akitaka kumfuga siku mbili tatu, mruhusuni. Awe peke yake, kwenye chombo kirefu mara tatu ya mwili wake, juu kufungwe kitambaa cha neti, ndani kijiti cha kuning'inia. Matone machache ya maji kwenye ukuta wa chombo, na nzi hai, kwa sababu kisichotikisika hakimvutii. Akikataa kula na kuning'inia kichwa chini kimya, msimguse kabisa, huenda anataka kuvua ngozi. Binti yangu aliwahi kulia kwa ajili ya "maiti" iliyoning'inia kwenye mpera, kumbe ni ngozi tupu, mwenyewe yuko jani la tatu juu, laini na mrefu zaidi. Ila wako, kama ana mabawa yanayofunika tumbo, ameshakomaa na havui tena. Muda aliobakiza ni miezi michache tu, kwa hiyo asikae sana chomboni.

Na kabla hamjakata ua wenu mwaka huu, pita kwanza vijiti kimoja kimoja. Ukikuta lile povu, lenye tundu dogo pembeni huwa limeshaingiliwa na vijidudu vingine, lakini usilitupe, baadhi ya mayai bado hutoka. Mimi kijana wa michongoma anakuja Jumamosi. Nimeshafunga vipande vya kamba ya katani kwenye matawi manne, na nimemwambia yenye kamba asiyaguse.