Dawa ya tezi dume: "mishipa", "neva" au "misuli"?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi hapa Nachingwea, mkoani Lindi. Ninaandaa karatasi ya maelezo kwa wazee wanaopewa tamsulosini kwa ajili ya tezi dume. Nimeandika: "Dawa hii huzuia homoni ya noradrenalini na kulegeza mishipa ya kiume." Mwenzangu anadai sentensi ina kasoro ila hanioneshi iko wapi. Nirekebishe nini?

JIBU: Marahaba. Sarufi yako ni safi. Kasoro imo katika maneno uliyochagua, na zito kuliko yote ni "mishipa".

Mshipa kwetu pwani ni mrija wa damu, ni neva (ndiyo "mishipa ya fahamu"), tena ni ugonjwa. Ukisema Lindi au Mtwara kwamba fulani ana mshipa, watu wanaelewa ngiri au busha, na mabusha ukanda huu yamewatesa wengi. Halafu wauza dawa za nguvu za kiume wamezoesha masikio yetu kwamba "mishipa imelegea" maana yake mwanamume hawezi kusimamisha. Mzee akisomewa kwamba kidonge kinalegeza mishipa ya kiume, atakiacha mezani, nami sitamlaumu.

Kinacholegea ni misuli laini ya tezi dume na ya shingo ya kibofu, ambayo ikijikaza hubana njia ya mkojo. Andika "misuli".

Lugha ya mitaani na mwili wenyewe hapa vinapishana kabisa. Ili uume usimame, neva hutoa gesi iitwayo nitriki oksaidi, misuli ya kuta za mishipa ya damu inalegea, damu inajaa. Wanasayansi Furchgott, Ignarro na Murad walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1998 kwa kuonesha kazi ya gesi hiyo katika mishipa ya damu. Kwa hiyo kulegea ambako mtaani ni mwisho wa nguvu, mwilini ndiko mwanzo wake. Karatasi ya ukurasa mmoja haina nafasi ya kuufungua mkanganyiko huo, bora kuuepuka.

Sasa "homoni". Noradrenalini huitwa kwa njia inayopitia. Tezi zilizo juu ya figo zikiimwaga kwenye damu, ni homoni. Neva ikiitoa nchani mwake, jirani kabisa na msuli, ni kipitisha ujumbe cha neva. Tezi dume na mirija ya manii hukazwa hasa kwa njia hii ya pili. Katika mirija ya manii, neva hutoa noradrenalini pamoja na kemikali nyingine iitwayo ATP, misuli inajikaza, mbegu zinasukumwa mbele. Shingo ya kibofu nayo hufunga ili manii yasirudi nyuma.

Napendelea "kipitisha ujumbe" kwa sababu kimeundwa kama kipaza sauti na kipima joto, na upatanisho wake ni mwepesi: kimetolewa, vimetolewa. Wanaoandika "mjumbe wa neva" wanajitia taabuni, maana mjumbe ni mtu, na kwetu ni yule wa nyumba kumi. Punde utajikuta umeandika "noradrenalini amefika".

Kitenzi "huzuia" nacho hakitoshi. Tamsulosini haikatazi neva kutoa noradrenalini. Inaziba vipokezi vyake, hivyo ujumbe unafika ila msuli hauupokei. Ndiyo maana manii ya baadhi ya wanaume hupungua au hayatoki, na jambo hilo lazima liandikwe waziwazi, maana asiyeambiwa mapema atadhani ameharibiwa.

Kwa wazee hata "kipitisha ujumbe" nisingekiweka. Ningeandika hivi:

"Neva hutumia kemikali iitwayo noradrenalini kukaza misuli ya tezi dume na ya shingo ya kibofu. Dawa hii huziba mahali kemikali hiyo inapopokelewa. Misuli ikilegea, mkojo hupita kwa urahisi. Manii yanaweza kupungua au yasitoke. Hilo si kuishiwa nguvu za kiume. Ukitaka kusimama, inuka taratibu, kwani unaweza kupata kizunguzungu."

Kabla hujatoa nakala, msomee mzee mmoja, kisha mwombe akueleze kwa maneno yake dawa inalegeza nini. Akijibu "mishipa", niandikie tena.