Jibu: Bati linapika mzinga, masega yanakatika

Habari mkuu. Umesema mzinga wako wa Langstroth (wa boksi, wenye fremu za kuning'iniza masega) una mfuniko wa bati tupu, na mchana masega mapya yanalegea hadi kukatika. Kwanza angalia jua la saa nane: kama linaupiga mzinga moja kwa moja, tafuta kivuli, maana mfuniko peke yake hautatosha.

Mzinga wa fremu 10 una takribani sm 50.5 kwa 41.5 kwa nje. Unda mfuniko mpya wa kuzuia joto: boksi la mbao, ndani sm 52 kwa 43, kimo sm 10, ili livae bila kubana hata mbao zikivimba masika. Ndani yake piga plaiwudi ya mm 6, sm 4 juu ya ukingo wa chini. Juu yake laza lile bamba jeupe jepesi linalokuja na boksi la televisheni, unene sm 5, kisha funika kwa plaiwudi nyingine. Usiache upenyo: sisimizi hulitoboa bamba hilo na kuweka kiota, na nyuki nao hulitafuna.

Wengi huharibu kwenye bati, wanalipigilia juu ya plaiwudi moja kwa moja. Liinue kwa vipande vya mbao vya sm 2 vinavyotoka mbele kwenda nyuma, hewa ipite. Rangi nyeupe inasaidia sana.

Mfuniko huu ni mwepesi, ufunge kwa waya. Ukikosa bamba, tumia pumba kavu za mpunga ndani ya mfuko wa nailoni, ila zikilowa zinaoza.