Mwanangu, uliza nani anakisoma

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote wazima, isipokuwa goti la baba yako. Barua yako nimeipata na swali lako halinitoki kichwani. Unasema mmebishana darasani kama India ya leo inaendeshwa na Katiba au bado inaendeshwa na vitabu vya Kihindu, na kwa kuwa mimi nilisomea uuguzi hapohapo Pune, unataka nichague moja.

Nikwambie mapema: mimi siulizi kitabu kinasema nini. Nauliza nani anakisoma, na nani ameambiwa anyamaze asikilize. Ulikuwepo Korogwe siku ya arobaini ya babu yako. Ulimwona ami yako alivyosimama akasema "dini imesema", shangazi zako wakainamisha vichwa, na shamba likaenda. Dini haikusema vile. Lakini hakuna aliyemwambia afungue ukurasa tuone.

Na huko uliko hakuna kitabu kimoja, kama sisi na msahafu wetu. Kuna Veda, kuna Upanishad, kuna Gita, vitabu vya sala na mafundisho, kuna Ramayana, kisa cha mfalme Rama na mkewe Sita, kinachosimuliwa kwa namna chungu nzima, na kuna ile Manusmriti, kitabu cha sheria za kale, inayopanga watu kwa matabaka na kumweka mwanamke chini ya baba, kisha mume, kisha mwana. Watu niliokaa nao sikuwahi kuwaona wakiifungua hiyo Manusmriti. Walichokijua ni Ramayana.

Ramayana ilianza kuonyeshwa Doordarshan, televisheni ya taifa, Januari 1987, kila Jumapili asubuhi. Nilikuwa nimepanga chumba kwa mama mmoja wa Kibrahmini, lile tabaka la juu la makuhani, mjane, katika mji mkongwe. Ikifika saa ya kipindi mitaa ilikuwa mitupu. Televisheni ilivishwa shada la maua, udi ukafukizwa, majirani wakavua viatu mlangoni na kukaa chini wameunganisha viganja, Rama akitokea tu. Mimi niliruhusiwa kukaa ndani, karibu na ukuta. Nje, kwenye ngazi ya baraza, alikaa maushi, mama wa tabaka la chini aliyefagia ua na kusafisha choo. Alitazama kupitia mlango uliofunguliwa nusu. Hakuna aliyemwambia ingia, naye hakuomba.

Jumapili moja umeme ukakatika katikati ya kipindi. Watu wakaguna, watoto wakaanza kulia. Basi pale pale mlangoni maushi akaanza kuimba. Zilikuwa nyimbo za kusagia, zile walizoimba wanawake wa vijijini alfajiri kwenye jiwe la kusagia nafaka, na kisa kilikuwa cha Sita mjamzito, ametupwa msituni na mume aliyesikiliza maneno ya watu. Kimarathi changu, lugha ya huko, kilikuwa kibovu, ila kilio nilikielewa. Na mwanangu, yule mama mwenye nyumba, ambaye sikuwahi kumwona akizungumza na maushi ila kumwagiza kazi, akapokea ubeti wa pili! Aliujua kutoka kwa mama yake mzazi. Wakaimba pamoja, mmoja ndani na mmoja nje, sisi tumekaa gizani hatupumui. Mpaka leo nikiwa peke yangu jikoni huwa nausikia ubeti ule.

Kisha umeme ukarudi, na chai ikaletwa. Vikombe vya wageni vilitoka kabatini. Viwili vilitoka kwenye ubao wa nje, karibu na bomba, kimoja cha maushi. Cha pili kilikuwa changu. Nilikuwa nakinywea tangu nihamie, sikujua kilikuwa kinakaa wapi.

Nilikinywa kile kikombe cha chai. Baba yako husema ningekimwaga. Baba yako hakuwepo.

Sasa niambie, ule ulikuwa mkono wa kitabu? Yule mama angekuambia hapana, ni desturi, mama mkwe wangu alifanya hivi. Na usimwone shetani. Nilipougua homa ya ini alinikanda kwa vitambaa vya maji usiku kucha, kwa mikono yake. Tena yeye mwenyewe ile desturi ilikuwa imemkalia shingoni: akina mama wa mtaa wakialikana haldi-kunku, kupakana manjano na wekundu kwenye paji la uso, mjane haalikwi. Alikuwa akifunga dirisha siku hizo. Kwa hiyo nani alikuwa ameshika kitabu ndani ya nyumba ile? Hakuna. Wote walikuwa wametii ukurasa ambao hakuna aliyeusoma.

Lakini hapo najipinga mwenyewe. Kama kitabu hakina nguvu, Ambedkar, mwanasheria wa Kidalit aliyeongoza uandishi wa Katiba, alikichomea nini? Mahad si mbali na hapo ulipo, panda basi uende. Machi 1927 aliwaongoza watu wake, Wadalit, waliohesabiwa najisi na matabaka ya juu, kunywa maji ya bwawa la Chavdar, ambalo walikatazwa, na tarehe 25 Desemba mwaka uleule Manusmriti ikachomwa moto mbele ya watu. Alikuwa msomi mkubwa, asingehangaika na karatasi zisizo na makali. Halafu nakumbuka jambo ambalo nyinyi mnaosoma sheria lazima mmelipitia: ni Warren Hastings, gavana Mwingereza wa Bengal, aliyeagiza mwaka 1772 kwamba Wahindu wahukumiwe kwa shastra zao, yaani vitabu vyao vya sheria, na William Jones, jaji Mwingereza, akaichapisha Manusmriti kwa Kiingereza mwaka 1794. Kitabu cha makuhani kikapata hakimu na askari. Unaona? Tunarudi palepale: nani anakisoma.

Na wafagizi wa Jalandhar, kule Punjab, waliwafundisha wakubwa somo hili mwaka 1988. Kipindi kilipangwa kiishie Rama akitawazwa. Wao humuenzi Valmiki, mtunzi wa Ramayana, kama mtu wao, na katika sehemu ya mwisho Valmiki ndiye anayemhifadhi Sita na kumlelea mapacha wake. Sehemu hiyo ikatwe? Wakagoma, taka zikajaa mitaani, migomo ikasambaa miji mingine, mpaka serikali ikakubali kisa kiendelezwe. Nilipoisikia habari ile nilimtafuta maushi nimwambie. Alikuwa ameshajua. Alicheka mpaka akakaa chini.

Ningependa niishie hapo, kwa sababu hapo moyo wangu unafurahi. Lakini Rama yuleyule wa Jumapili alibebwa kwenda Ayodhya, mji ambao Wahindu wanaamini ndiko alikozaliwa. Tarehe 6 Desemba 1992 msikiti ukabomolewa, na watu wakauawa katika miji mingi. Aliyeigiza Sita alikuwa ameshachaguliwa mbunge mwaka 1991, na aliyeigiza Ravana, adui wa Rama, pia. Hekalu la Rama limefunguliwa palepale Januari 2024. Miezi michache baadaye jimbo hilohilo lenye Ayodhya likamchagua Awadhesh Prasad, Mdalit wa chama cha upinzani. Sasa hapo wewe utaandika nini kwenye mtihani?

Wenzako wanaosema Katiba imevishinda vitabu, waambie waitazame nakala ya kwanza iliyopambwa na mchoraji Nandalal Bose na wanafunzi wake. Mwanzo wa sehemu ya haki za msingi kuna mchoro wa Rama, Sita na Lakshmana, ndugu wa Rama. Ndani ya sehemu hiyohiyo kuna ibara ya 17, inayofuta utengaji wa watu kwa tabaka. Na wanaosema vitabu vimeishinda Katiba, wakumbushe kwamba tangu 2005 binti wa Kihindu anarithi mali ya ukoo sawa na kaka yake, jambo ambalo shangazi zako wangelipenda. Ila pia Jaipur, kwenye uwanja wa Mahakama Kuu, kuna sanamu ya Manu, yule anayetajwa kuwa mwenye Manusmriti, imesimamishwa mwaka 1989.

Kuna siku nataka kusema ndiyo, ni vitabu, vile vikombe viwili vinanitosha kuwa ushahidi. Nikishika kalamu niandike hivyo, nausikia ubeti wa pili na kalamu inakataa. Kwa hiyo hukumu sikupi, na si kwa kupenda.

Mwezi wa sita au wa saba wari itapita Pune, mahujaji wanatembea kwa miguu hadi Pandharpur wakiimba tenzi za Tukaram na Dnyaneshwar, watakatifu washairi wa kale. Nenda ukatembee nao hata hadi Hadapsar, uwasikilize wanawake, halafu uniandikie. Vaa viatu vya kufunga, mvua itakuwa imeanza. Ada ya muhula ujao baba yako ameshaituma, kaulize benki kabla ya Ijumaa.

Mama yako