Mama anahamia makao ya wazee: tuulize nini kabla ya kulipa?

SWALI: Shikamoo mama muuguzi. Mimi ni kifungua mimba katika familia ya watoto wanne na nina duka dogo hapa Kisumu. Mama yetu ana miaka 79. Kwao ni Vihiga, lakini tangu baba afariki amekuwa akikaa Nakuru kwa ndugu yangu mdogo, ambaye sasa amepata uhamisho wa kikazi. Mwaka huu mama ameanguka bafuni mara mbili. Ndugu zetu walio Nairobi na Marekani wamekubaliana apelekwe makao ya wazee ya kulipia, nje kidogo ya mji wa Nakuru. Wametumiwa picha: vyumba safi, vigae, televisheni kubwa, muuguzi usiku na mchana. Mama hajakataa wala hajakubali. Amesema tu, "Nyinyi mnajua." Mjomba anasema tunamtupa. Je, tunamtupa? Na tukienda kupaona, tuulize nini?
Binti wa kwanza, Kisumu

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mama aliyelea watoto wanne hasemi "nyinyi mnajua" kwa sababu hana maoni. Amesikia mambo yakipangwa Nairobi na Marekani, yakamfikia yakiwa yameshaiva. Kwa hiyo kabla hata shilingi moja haijatoka, mpelekeni mwenyewe akapaone. Akae tangu asubuhi, ale chakula chao cha mchana, aone choo, aongee na wazee wenzake mkiwa mmekaa mbali. Kama wanakubali mtu akae wiki mbili za kujaribu, lipieni hizo kwanza, na vitu vyake visiguswe alikokuwa.

Kuhusu mjomba, msikilizeni, kwa maana uchungu wake ni wa kweli. Lakini nimeingia nyumba nyingi kama muuguzi, na nimewakuta wazee waliotupwa wakiwa sebuleni kwa watoto wao: mlango umefungwa tangu saa moja asubuhi, na msichana wa kazi haelewi lugha ya mzee. Pia nimewaona wazee walio katika makao wanaotembelewa, wanaoulizwa, wanaogombana na mpishi kuhusu chumvi na kushinda. Kama mtamtupa au la, hilo litaonekana kwa mambo mtakayofanya baada ya kumpeleka.

Sasa twende kwenye ziara yenu. Msiende saa nne asubuhi, wakati kila kitu kimefagiliwa kwa ajili ya wageni. Nendeni saa tisa alasiri. Angalieni wazee wameketi vipi. Ukikuta viti vimepangwa mstari mmoja kutazama televisheni, na hakuna mzee hata mmoja mwenye kitu mikononi, hapo hata vigae viwe vya namna gani, mimi mama yangu nisingemwacha. Mtafute mzee anayechambua mboga, anayesuka, anayesomea mwenzake Biblia, anayemwagilia maua, hata anayebishana.

Mwulizeni msimamizi hivi: "Mna karatasi inayoeleza mzee ni mtu wa namna gani, mbali na ile ya dawa?" Makao yanayojua kazi yake huandika mzee huamka saa ngapi, anapenda chai au uji wa wimbi, anaoga asubuhi au jioni, alikuwa akifanya kazi gani, anasali wapi, nini kinamkasirisha, ni nani akipigiwa simu humtuliza. Kisha ulizeni swali ambalo wengi hulisahau: nani yuko zamu ya usiku, na anazungumza lugha gani? Nakuru ni mji wa watu wa kila kabila, na mchana Kiswahili kinatosha. Lakini mzee akiamka saa nane za usiku, ameshtuka au ana homa, mara nyingi hurudia lugha ya utotoni. Kama hakuna hata mtu mmoja anayeelewa Kilogooli au lugha nyingine ya kwao Vihiga, maumivu yake yataandikwa kwamba alipiga kelele.

Niwape mfano mmoja. Katika makao niliyowahi kufanyia kazi kulikuwa na mama mmoja kutoka upande wa Siaya. Faili yake ilisema hali chakula na ni mkaidi. Aliongezewa vitamini, akaletewa daktari, akabadilishiwa chakula kikawa laini. Hakula. Siku moja mpishi, ambaye naye alitoka pande hizo, aliketi karibu naye na sinia la osuga, yaani managu, lisilochambuliwa. Hakumwambia neno. Baada ya muda vidole vya yule mama vikaanza kazi: jani linakatwa, bua linatupwa, yale yaliyotoa maua yanawekwa kando. Akamwambia mpishi hayo yamekomaa, yatakuwa machungu. Kesho yake akauliza maziwa yako wapi, maana huwezi kupika osuga ukaila siku hiyo hiyo bila maziwa na ukasema umekula. Tangu hapo mboga za jikoni zilipitia mikononi mwake, na mezani alikuwa wa kwanza kuonja. Hakuwa mkaidi. Alikuwa mwenye jiko aliyewekwa mahali ambapo jiko lilimfungia mlango. Ndiyo maana nawaambia: msiulize tu mama atahudumiwaje. Ulizeni atafanya nini.

Halafu kuna maisha yake ya nje ya lango, na hapo ndipo makao mengi hushindwa. Mama wa Vihiga wa umri huo huenda ni mtu wa kanisa la Friends, yaani Quaker, kwa maana wamishonari wa Quaker walifika Kaimosi mwaka 1902, na vizazi vya familia za huko vimelelewa katika kanisa hilo. Kama ndivyo, ibada ya madhehebu mengine inayoletwa na wageni kila Jumapili haitamtosha. Ulizeni nani atampeleka kwenye kanisa lake, na kwa gari la nani. Chama chake cha akina mama kisikatwe: mchango wake uendelee kwenda, na zamu yake ikifika, wenzake wamfuate huko huko makao na chai inywewe kwake.

Na matanga. Nasema hili kwa uzito wote. Watoto wengi huamua kwamba mama asiambiwe fulani amekufa, au aambiwe baada ya maziko, eti asichoke, presha isipande. Mzee wa kwetu aliyekosa kumzika dada yake hulibeba jambo hilo kila siku aliyobakiza. Andikeni katika mkataba kwamba habari za msiba ataambiwa na mmoja wenu, mapema, na kwamba akitaka kwenda atakwenda: na dawa zake, na kiti, na mtu wa kumshika mkono. Nakuru hadi Vihiga ni safari ndefu kwa mtu wa miaka 79, kwa hiyo afike siku moja kabla na alale.

Mambo ya haraka haraka. Bafuni kuwe na vyuma vya kushikilia na sakafu isiyoteleza, na muulize mzee akianguka hapo hufanywa nini. Hakikisheni usajili wake wa SHA, bima ya afya ya serikali, uko sawa na mjue hospitali gani atapelekwa. Simu na namba yake ya siri zibaki zake. Kama anapokea zile shilingi 2,000 za kila mwezi za mpango wa serikali wa Inua Jamii, ambazo ni za waliotimiza miaka 70 na kuendelea, ni zake pia: akitaka kumnunulia mjukuu kalamu au kutoa sadaka, asiombe ruhusa. Abebe kigoda chake, leso zake na blanketi lake, hata kama chumba kina vipya. Na nyinyi wanne mpangiane zamu za kumtembelea, mziandike. Yule wa Marekani achukue Jumapili jioni kwa simu ya video, saa ile ile kila wiki, ili mama awe na saa ya kungojea.

*

SWALI: Mimi ni mzee wa miaka 82, mstaafu wa reli, mzaliwa wa Kisumu. Watoto wangu waliniweka katika makao fulani huku Nakuru. Chakula ni kizuri na wahudumu si watu wabaya. Shida zangu ni mbili. Tunaamshwa saa kumi na moja alfajiri kuogeshwa, na mimi baridi ya huku inanipasua mifupa. Pili, siruhusiwi kutoka langoni kwenda kununua gazeti, ingawa kibanda kiko ng'ambo ya barabara. Nikiuliza naambiwa ni kwa usalama wangu. Je, nina haki yoyote ama ninyamaze nishukuru? Barua hii mjukuu wangu ameniandikia.
Mzee wa reli, Nakuru

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Haki unayo, na imeandikwa. Kifungu cha 57 cha Katiba yetu ya 2010 kinawapa wazee, yaani waliotimiza miaka 60 na kuendelea, haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kujiendeleza, kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa familia na serikali. Hakuna mahali kinaposema haki hizo hukoma langoni. Kushukuru ushukuru, lakini usinyamaze.

Baridi hiyo huitungi. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na Kisumu ni kama 1,130 tu, kwa hiyo mwili uliozoea joto la ziwani lazima ulalamike alfajiri. Nakueleza pia kwa nini mnaamshwa saa hiyo, kwa sababu nimefanya zamu hizo. Wahudumu wa usiku hutaka kukabidhi wazee wote wakiwa safi kabla wa mchana hawajaingia. Ratiba hiyo ni ya wafanyakazi, haina faida kwa afya yako, na inaweza kubadilishwa bila gharama. Wapo wazee wanaoamka wenyewe saa kumi na kungoja maji. Hao waogeshwe kwanza. Wewe omba kuoga saa tano jua likiwa limetoka, au jioni. Mwombe msimamizi ana kwa ana, mjukuu wako akiwepo, na liandikwe katika faili yako, maana ahadi ya mdomo hupotea zamu ikibadilika.

Kuhusu gazeti, waelewe pia wasimamizi. Gari likikugonga, wao ndio watakaoulizwa. Basi waondolee hofu hiyo: wewe na wanao muweke saini kwenye karatasi kwamba unatoka kwa hiari yako, saa fulani, na mkongojo, na simu mfukoni, na mlinzi akuvushe barabara. Kama macho au miguu haikuruhusu, mtu akusindikize, ila mkono unaolipia gazeti uwe wako.

Msimamizi akiona haya ni mambo madogo, msimulie utafiti wa mwaka 1976 wa Ellen Langer na Judith Rodin katika nyumba ya wazee huko Connecticut, Marekani. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa maisha yao ni jukumu lao, wakachagua mmea wa kutunza wenyewe na usiku wa kutazama sinema. Wa ghorofa nyingine walipewa mmea pia, lakini wauguzi ndio waliumwagilia, na usiku wa sinema walipangiwa. Wale wa kwanza walichangamka zaidi, na miezi 18 baadaye waliofariki miongoni mwao walikuwa wachache. Watu waliochunguzwa hawakuwa wengi, lakini yale waliyoyaona watafiti hao nimeyaona mwenyewe wodini kwa macho yangu.

Na mzee, ukishapata gazeti lako, wasomee wengine wasioona vizuri. Usingoje kuombwa.

*

SWALI: Nasimamia makao madogo ya wazee karibu na Kakamega. Disemba wageni hutujaa: unga, sabuni, picha, kisha Januari kimya. Tufanye nini ili wazee wetu wawe sehemu ya jamii mwaka mzima?
Msimamizi, Kakamega

JIBU: Anza kuwaambia wageni siku mnazowahitaji. Mwenye unga wa Disemba mwombe aulete Machi, na asipige picha ya mzee bila mzee mwenyewe kukubali.

Kisha geuza njia: wazee ndio watoe. Shule za msingi zinafundisha lugha za asili katika madarasa ya chini, na walimu wengi wangefurahi kupata mtu anayejua hadithi, vitendawili na majina ya miti kwa lugha ya hapo. Unao watu hao, wamekaa kivulini. Chifu mwombe baraza moja lifanyikie uwanjani kwenu, ili wazee wachangie bila kusafiri. Mapema kabla ya uchaguzi wa 2027, hakikisha waliohama wamehamisha pia kituo chao cha kupigia kura.

Jambo jingine la kufikiria ni wanafunzi wa vyuo. Mjini Deventer, Uholanzi, makao yaitwayo Humanitas huwapa wanafunzi chumba bila kodi, nao hutoa saa 30 kwa mwezi kuwa majirani wema: kula pamoja, kufundisha kutumia simu, kukaa tu na kuzungumza. Kakamega ina chuo kikuu, na wanafunzi wanahangaika na kodi. Hata chumba kimoja kinatosha kujaribu, mradi umchunguze vizuri anayeingia na wazee wamhoji wenyewe.

Anza na shule moja iliyo jirani, siku moja kwa wiki, na mzee mmoja aliyejitolea. Wengine watafuata wakiona mwenzao anangojewa na watoto. Na usimlazimishe mtu. Wapo wazee waliopenda ukimya maisha yao yote. Hao wakitaka kufunga mlango wageni wakija, waache wafunge.