Pa kusimika hema nje ya Dar: anza kwa mwenyekiti wa kijiji

Marekani mtu anaingia na gari kwenye misitu ya taifa, anachagua mahali pa wazi katikati ya miti na kulala bure, sehemu nyingi mwisho siku 14. Hakuna choo, hakuna bomba, hakuna wa kumbishia hodi. Video zake zimetuingia wengi hapa Dar, na Jumamosi watu wanabeba hema kwenda upande wa Kisarawe au Mlandizi wakidhani mambo ni yale yale. Huku hakuna pori lisilo na mwenyewe. Kama si hifadhi, mara nyingi ni ardhi ya kijiji, na kichaka unachokiona kitupu kina mikorosho ya mtu ndani yake.

Hifadhi hazina fumbo. Msitu wa Pugu–Kazimzumbwi uko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania: ulizia utaratibu wao, lipia, ingia. Kazi iko kwenye ardhi ya kijiji.

Mimi naanzia kwenye picha za setilaiti nikiwa nyumbani. Natafuta njia ya gari inayokatika kabla ya kufika mtoni, palipoinuka kidogo, na naangalia mashamba yapo umbali gani. Lakini ramani inanipa maswali tu. Majibu anayo mwenyekiti wa kijiji au mtendaji. Tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi hiyo inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, kwa hiyo kwenda kwao si adabu tu. Shikamoo yako itangulie, jieleze mko wangapi na mnaondoka lini. Kuna mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akanionyesha mkorosho mmoja mbali kabisa na mto: "Mwanangu, maji huwa yanafika pale." Setilaiti gani ingeniambia hilo?

Mto Ruvu hasa usiupime kwa mawingu ya Mlandizi. Maji yake yanatoka milima ya Uluguru, Morogoro. Mvua ikipiga Morogoro usiku, wewe huku uko chini ya nyota na mto unapanda. Angalia matawi ya miti ya kando: nyasi kavu na takataka zilizonasa juu ndiyo alama ya mafuriko yaliyopita. Ule mchanga mweupe kwenye kona ya mto, ambao kila mtu anautamani kwa picha, ni kitanda cha mto wenyewe. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Hema la usiku mmoja si la kudumu, ila mimi hizo mita 60 nazihesabu kwa hatua na kuongeza.

Viboko na mamba nao wamo. Ukiona njia pana ya kushuka majini, ina mifereji miwili na tuta katikati, hiyo ni barabara ya kiboko. Usiku anatoka kula nyasi, na ukiwa kati yake na maji hakuna mazungumzo. Maji ya kuoga yachote mchana, pale pale wanapochota wenyeji.

Masika mimi siendi kabisa. Miezi mingine fika kabla ya saa kumi jioni, upate mwanga wa kutazama juu kama kuna tawi kavu na chini kama kuna siafu. Kuni nunua kijijini kabla ya kuingia. Ukikutwa unakata miti, ruhusa ya mwenyekiti haitakusaidia.